Shajara ya mradi: maswali ya safari ya mtoto wa kazi, Mwanza na visiwani

Shajara hii ni ya wasaidizi wa kisheria, maafisa ustawi wa jamii, wenyeviti wa mitaa na yeyote anayetaka kukusanya taarifa za usafirishaji haramu wa binadamu kwenye eneo lake bila kusubiri mfadhili mkubwa. Naiandika kwa niaba ya kikundi chetu cha wasaidizi wa kisheria wa Ilemela na Nyamagana. Kila hatua ikikamilika naongeza maandishi. Mambo ya kawaida napita haraka. Palipokwama naeleza kwa kirefu, maana hapo ndipo atakayeiga ataokoa hela na muda.

18 Novemba 2024. Mtoto mmoja, madaftari manne

Tulianza kwa kusoma madaftari yaliyopo kabla ya kutunga swali lolote. Tuliomba kuona vichwa vya safu tu, bila majina, katika ofisi za mitaa, ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, na kwa wenzetu wanaohifadhi mabinti waliotoroka kazini.

Tuliyoyakuta yalituuma. Chukua binti aliyeletwa mjini kutoka kijijini akiwa na ahadi ya kusomeshwa cherehani, akaishia kupika na kufua bila kushika mshahara, akapigwa, akakimbia. Mwenyekiti wa mtaa anaandika "mtoto aliyepotea amepatikana". Dawati linaandika shambulio. Ustawi wanaandika matunzo ya mtoto. Akidai hela zake, panafunguliwa shauri la mshahara. Maandishi yote manne ni ya kweli. Hakuna hata moja linalosema nani alimtoa kwao, nani alilipa nauli, aliahidiwa nini. Mwisho wa mwaka, safu ya usafirishaji haramu inapelekwa ofisi za juu ikiwa na sifuri, na mipango ya bajeti inafuata sifuri hiyo.

Sheria yenyewe haina utata. Tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na Sekretarieti yake iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Msingi wake ni Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ya Umoja wa Mataifa, inayotaka mambo matatu yaonekane: kitendo (kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea, kumhifadhi), njia (nguvu, hadaa, kutumia udhaifu wake), na lengo la kumnyonya. Akiwa mtoto wa chini ya miaka 18, njia haihitaji kuthibitishwa: kitendo na lengo vinatosha. Maana yake, mwenye daftari akiuliza vizuri habari za safari na kazi, ameshagusa sehemu kubwa ya anachohitaji mpelelezi na mwendesha mashtaka.

Tukaamua kutofanya utafiti mpya mkubwa. Tutatunga maswali machache ya safari yanayoweza kuingia kwenye madaftari yaliyopo, tuyajaribu wenyewe kwanza, kisha tuyapeleke ofisini.

Gharama: nauli za ndani ya mji, vocha na fotokopi, kama shilingi 90,000.

27 Januari 2025. Vibali na vifaa

Barua za mkoa na halmashauri, idhini ya maadili ya utafiti, kujisajili kama mkusanyaji wa taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anza haya mapema na usipange mafunzo kabla barua hazijatoka. Sheria hiyo inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo eleza mapema nani atazishika, zitakaa wapi na zitafutwa lini.

Tulichagua KoboToolbox, programu ya kujaza fomu kwa simu, kwa sababu inafanya kazi bila mtandao na hutuma baadaye ukipata mnara. Simu ni za Android za mtumba, shilingi 150,000 kila moja. Kila simu ina nywila, na fomu ikishatumwa haibaki kwenye simu.

Gharama: simu, chaji za akiba, mafunzo na chai ya washiriki, kama shilingi 1,400,000. Simu ndizo zilizomeza sehemu kubwa.

10 Machi 2025. Fomu ya kwanza na ya pili

Fomu ya kwanza ilikuwa na maswali zaidi ya thelathini. Tuliijaribu Igogo, Mabatini, Kirumba na Buzuruga. Ilirudi imejaa majibu na haikutufundisha kitu. Haya ndiyo yaliyokwama.

Mshahara. Swali lilikuwa "Unalipwa?", ndiyo au hapana. Karibu wote walijibu ndiyo. Msaidizi wetu wa Igogo, mama mtu mzima aliyewahi kufanya kazi za ndani enzi za usichana wake, akasimamisha kikao: "Hizo ndiyo zenu ni za kutunziwa. Anayetunziwa atakuambia analipwa, na hajawahi kuiona hela." Tukarudi kwa baadhi ya waliohojiwa, na ikawa hivyo. Mama mwenye nyumba anasema mshahara upo, utapewa ukienda kwenu Krismasi. Krismasi inapita. Wengine mshahara unatumwa kwa simu kwa aliyewaleta, na hawajui ni kiasi gani. Swali jipya: "Mara ya mwisho kushika hela ya mshahara mkononi mwako ilikuwa lini?" Likifuatiwa na "Nani mwingine anapokea hela kwa ajili ya kazi yako?" Maswali haya mawili ndiyo yaliyobadilisha kazi yetu yote. Ukichukua kitu kimoja kutoka kwenye shajara hii, chukua hayo.

Aliyemleta. Tuliuliza kama aliyemleta ni ndugu au si ndugu. Jibu likawa shangazi, mama mdogo, dada. Lakini kwetu mwanamke yeyote mtu mzima ni shangazi au mama mdogo, na dalali mzoefu hujitambulisha hivyo tangu siku ya kwanza kijijini, tena mbele ya wazazi. Tukabadilisha: "Kabla ya siku ya safari ulikuwa umeshamwona mara ngapi?" na "Mama yako anamwitaje?" Mtoto anayesema mama yake humwita "yule dada wa Mwanza" ameshajibu.

Umri. Wote walikuwa na kumi na nane. Binti anajibu kabla hujamaliza kuuliza, kama aliyekaririshwa, na wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Tukaacha kuuliza miaka, tukauliza: "Alipofariki Rais Magufuli ulikuwa darasa la ngapi?" Ilikuwa Machi 2021, na kila mtoto anakumbuka alikuwa wapi siku hiyo. Aliyekuwa darasa la nne wakati ule leo yuko kati ya miaka 13 na 15 au karibu na hapo. Tunaandika kadirio la kuanzia na kuishia, si namba moja, kwa sababu wapo waliochelewa kuanza shule na waliorudia madarasa.

Suala la umri linahitaji uangalifu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kazi za hatari mpaka 18. Kuna binti wa miaka 16 anayefanya kazi ya ndani, anapata mshahara wake, anaongea na kwao kila wiki, anaondoka akitaka. Huyo ana mwajiri, na hatuna haki ya kumwandika kama aliyesafirishwa kiharamu. Takwimu zikimjumuisha, mwajiri mwema ataogopa na mwovu atajificha nyuma ya kelele. Ndiyo maana fomu yetu haina kisanduku cha "mwathirika". Inaandika hatua za safari na hali ya kazi, na uamuzi wa kisheria unafanywa na wenye mamlaka hayo.

Mahali. Mahojiano ya nyumbani hayafai hata kidogo. Mwenye nyumba anakaa sebuleni, au anapitapita, na binti anajibu akimtazama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu kuwahoji wanawake waliosafirishwa unataka uichukulie hatari kuwa kubwa mpaka ujue vinginevyo. Tukahamia kwenye sehemu ambazo binti hufika peke yake: mashine ya kusaga, gengeni asubuhi, kanisani baada ya ibada. Ruhusa ya mtoto haiwezi kutolewa na mwajiri wake, kwa hiyo afisa ustawi wa jamii anahusishwa kabla mazungumzo hayajaanza, na mtoto akisema hataki, yameishia hapo.

Fomu ya pili ilibaki na maswali tisa. Matatu ya safari: nani alikufuata kwenu, nani alilipa nauli, njiani mlipita wapi na kulala wapi. Mawili ya ahadi: uliahidiwa nini, umekuta nini. Mawili ya hela, niliyoyataja. Moja la mawasiliano: simu unayo, na mara ya mwisho kuongea na kwenu ilikuwa lini. La mwisho: "Ukisema kesho unarudi kwenu, nini kitatokea?" Hili halina machaguo. Anayehoji anaandika maneno ya mtoto kama yalivyo.

Gharama: uchapaji wa karatasi za akiba na posho za nauli, kama shilingi 380,000.

30 Aprili 2025. Visiwani: giza na mbalamwezi

Tulipeleka fomu Ukerewe na visiwa vya upande wa Buchosa, kwenye kambi za dagaa. Fomu ile ile haikufaa, na sababu kubwa ni mwezi.

Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiingia, boti zinapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, vijana wanaondoka kwenda Nansio au kwao. Ziara yetu ya kwanza iliangukia mbalamwezi. Tulikuta kambi nusu tupu, vijana wana muda wa kuongea, na karibu kila tuliyemhoji alikuwa na deni kubwa. Tulikaribia kuandika kwamba madeni yameenea kambi nzima. Mzee mmoja wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, ndiye aliyetufumbua macho: mwenye hela ameshaondoka, aliyebaki mbalamwezi ni yule asiye na nauli au aliyezuiwa na deni. Tulikuwa tunahoji mabaki.

Tuliporudi wakati wa giza, kambi ilijaa, lakini vijana wanakesha majini na mchana wamelala. Wanaopatikana ni kina mama wanaoanika dagaa na wauza chakula. Sura ya kambi inabadilika kabisa. Sasa kila mahojiano ya kisiwani yana safu ya hali ya mwezi, na hatutoi matokeo ya kambi ambayo hatujaifikia katika nusu zote mbili. Utafiti wa kisiwani uliofanywa kwa ziara moja naomba usomwe kwa tahadhari, uwe wetu au wa mwingine.

Swali la mshahara nalo halikukaa sawa, kwa sababu kambini hakuna mshahara. Mauzo yakipatikana, yanatolewa mafuta, chakula na matengenezo, tajiri wa boti anachukua sehemu yake, kinachobaki wanagawana vijana. Kijana mgeni anaanza na deni: nauli ya kuletwa, koti la mvua, chakula cha siku alizokaa bila kuvua. Deni linaandikwa kwenye daftari la genge, na mwenye daftari mara nyingi ni ndugu wa tajiri. Tuliona ukurasa mmoja wa daftari hilo. Jina, chini yake unga, sigara, dawa ya malaria, vocha, na mbele ya kila kitu bei. Hakuna hata sehemu moja iliyokatwa kuonyesha kilicholipwa. Swali la kisiwani likawa: "Ukiamua kuondoka kesho, unadaiwa shilingi ngapi, na nani, na deni lilianza na nini?"

Kwa mabinti walioletwa kufanya kazi mgahawani wakakuta kazi ni nyingine, tulisitisha maswali yetu yote kasoro ya safari na la usalama. Hakuna takwimu inayostahili kupatikana kwa kumfanya binti asimulie hayo mbele ya mgeni aliyefika na boti ya asubuhi na anayeondoka na ya jioni. Hao tunawaunganisha na mhudumu wa kike wa ustawi, na kwenye fomu tunaandika safari tu.

Hapa pia ndipo tulipoweka kanuni ambayo hatutaivunja: hatuanzi mahojiano yoyote siku ambayo hakuna afisa wa kumpokea mtoto aliye hatarini. Afisa awe anapatikana kwa simu, chombo cha kuondokea kiwe kinajulikana, na hela ya nauli na malazi iwe mfukoni. Namba 116, ile ya simu ya huduma kwa mtoto, kila mhojaji anaijua kwa kichwa, lakini kisiwani mtandao unaweza kukatika, kwa hiyo haitoshi peke yake.

Lugha: visiwani Kiswahili cha mjini kinafunga midomo. Mhojaji anayejua Kikerewe au Kijita alipata majibu marefu zaidi kwa maswali yale yale. Mwaka huu tumeajiri kutoka huko huko, isipokuwa hatumpangi mtu kwenye mwalo, yaani ufukwe wa boti, wa nyumbani kwake.

Gharama: vyombo vya majini, malazi, posho, shilingi 1,150,000. Mfuko wa kusaidia watoto, shilingi 900,000, na ulikaribia kwisha. Kwenye bajeti yako anza na mfuko huo, kisha ndipo uangalie unabaki na hela ya kuhoji watu wangapi.

2 Juni 2025. Kumhesabu mtoto mara moja

Mtoto mmoja anaonekana kwa mwenyekiti, kisha dawatini, kisha ustawi. Tusipomtambua, ni watoto watatu. Tukimtambua kwa jina, tumemweka hatarini na tumevunja ahadi yetu.

Jaribio la kwanza lilikuwa msimbo wa herufi za jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Likaanguka haraka. Mwaka wa kuzaliwa, kama nilivyosema, haujulikani. Na jina linabadilika: kuna nyumba ambazo binti akifika anapewa jina jipya kwa sababu la kwake linafanana na la mtoto wa nyumba, au kwa sababu dada aliyetangulia aliitwa hivyo na watoto wamelizoea. Akifika dawatini anataja la kwao, mtaani anataja la nyumbani kwa bosi.

Msimbo wa sasa unatumia mambo yasiyobadilishwa na mwajiri: herufi mbili za mwanzo za jina la mama mzazi, wilaya ya kwao, yeye ni mtoto wa ngapi kwa mama yake, na jinsia. Mtoto hapati shida kuyajibu na hayamtishi. Wapo watakaogongana, hasa wanaotoka wilaya moja, na hapo tunatazama mwezi wa kufika Mwanza. Haujakamilika, lakini unatosha kwa madaftari ya ukubwa wetu. Msimbo unatengenezwa na ofisi inayompokea mtoto. Kwetu inafika herufi na namba tu.

Tulifuta pia swali la uraia. Mtoto aliyevuka kutoka Burundi atakuambia anatoka Kasulu, kwa kuogopa kukamatwa, na Kiha na Kirundi vinakaribiana mno kukusaidia kubaini. Jibu halina uhakika na madhara yake ni makubwa kama karatasi itaangukia mikono isiyofaa. Swali la namna hiyo halina kazi kwenye fomu.

Gharama: vikao viwili na maafisa, shilingi 210,000.

7 Julai 2025. Daraja limefunguliwa, kituo chetu kimekufa

Mwezi uliopita Daraja la J. P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lilizinduliwa. Ni la kilomita 3, na kwa watu wa Sengerema na Geita ni ukombozi. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri kivuko usiku sasa wanapita.

Kwa mradi wetu limebadilisha kila kitu. Kivukoni abiria walishuka kwenye basi, wakasimama, wakanunua mahindi, na mama lishe na wapakiaji waliona nani kaongozana na nani. Tulikuwa tumewafundisha baadhi yao dalili za kutazama: watoto kadhaa wasiojuana chini ya mtu mzima mmoja, mtoto asiyejua anakwenda kwa nani, mtu mzima anayejibu kwa niaba ya wote. Sasa basi linapita moja kwa moja, na mlolongo wa taarifa kutoka Kigongo umeshuka ghafla. Anayetazama namba peke yake atasema safari za watoto zimepungua baada ya Juni. Kilichopungua ni macho yetu.

Marekebisho: kwenye mfululizo wa taarifa tumeweka mstari mwezi Juni na hatulinganishi kabla na baada kwa njia hiyo ya barabara. Uangalizi tumeuhamishia stendi za Nyegezi na Nyamhongolo, na kwa njia ya Ukerewe tumebaki na kivuko cha Kisorya na Rugezi pamoja na boti za mizigo zinazotoka Mwaloni Kirumba. Stendi ina kelele na mawakala wengi, na baadhi ya mawakala wenyewe hupata chochote kwa kumpokea "mgeni wa mama fulani". Waaminifu wapo, lakini hutawajua kwa siku moja.

Gharama: mafunzo mapya stendi, shilingi 260,000.

25 Agosti 2025. Wasiojulikana ni wangapi?

Kila tukipeleka taarifa, tunaulizwa jumla. Makadirio ya dunia yapo: Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria watu milioni 27.6 katika kazi za kulazimishwa kwa mwaka 2021. Hayamsaidii afisa wa Buchosa kujua aweke wapi nauli ya boti.

Tukajaribu njia ya orodha zinazoingiliana. Watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza watakuelewa mara moja: samaki wanawekwa alama, wanarudishwa ziwani, wakivuliwa tena unaangalia wangapi wana alama, unakadiria waliomo. Kwa watu, unatazama wangapi wanajirudia kwenye orodha mbili au zaidi. Uingereza ilitumia njia ya aina hiyo mwaka 2014: mtaalamu wa takwimu Bernard Silverman alikadiria waathirika 10,000 hadi 13,000 wa utumwa wa kisasa kwa mwaka 2013, wakati waliokuwa wamefahamika ni 2,744.

Kwetu ilitoa namba, nasi tukaikataa. Njia hiyo ikitumiwa na orodha mbili tu inataka ziwe huru, yaani kuonekana kwenye moja kusiongeze nafasi ya kuonekana kwenye nyingine. Za kwetu zinalishana: ustawi ndio wanaompeleka mtoto kwenye nyumba ya hifadhi, na dawati ndilo linalowaita ustawi. Kujirudia kunakuwa kwingi kwa sababu ya rufaa, yaani ofisi moja kumpeleka mtoto kwa nyingine, na kadirio linatoka dogo kuliko hali halisi. Namba ndogo ya uongo ingefanya kazi ile ile ya sifuri tuliyoanza nayo. Tunaendelea kuandika kwenye kila rekodi nani aliyemleta mtoto kwenye ofisi hiyo, ili siku orodha zikiwa nyingi, waliofika kwa rufaa watenganishwe na waliofika wenyewe.

Gharama: hakuna, kasoro muda wa mwalimu wa takwimu aliyejitolea.

29 Septemba 2025. Kutoa matokeo bila kumtaja mtu

Ramani tuliyoichora ilikuwa nzuri, yenye nukta kwa kila kambi. Tumeiondoa. Kwenye kisiwa chenye kambi moja na mabinti wachache wa mgahawa, tajiri anaangalia nukta na anajua nani aliongea. Sasa tunatoa kwa wilaya tu, na penye watu chini ya 5 hatuweki namba. Hata hiyo haikutosha: jedwali lilikuwa na jumla, na mwenye kujua hesabu ya kutoa anapata namba iliyofichwa. Jumla zote sasa zinaandikwa kwa kumi iliyo karibu, na tukificha sehemu moja tunaficha na nyingine katika mstari huo huo.

Kilichojitokeza wazi, bila kuhitaji namba, ni hiki. Safari nyingi zinaanza kwa mtu anayejulikana na aliyewahi kupeleka mtoto mwingine wa kijiji hicho hicho, nauli inalipwa kwa simu na mtu wa mjini kabla ya safari, na mzazi hana namba ya simu ya nyumba anakokwenda mwanawe. Mambo haya matatu yanaweza kuulizwa na mtendaji wa kijiji kabla mtoto hajaondoka. Ofisi mbili za ustawi zimekubali kuingiza maswali tisa kwenye daftari lao kuanzia Oktoba. Ofisi moja imekataa, ikisema fomu zao zinatoka juu na haziongezwi safu. Hoja yao ina uzito, kwa hiyo tumewaandalia karatasi ya kubandika ndani ya jalada la daftari.

Yaliyobaki kwa toleo la tatu la fomu: swali la mawasiliano halimtofautishi mtoto mwenye simu yake na anayepewa ya bosi ikiwa kwenye spika, na hilo litarekebishwa kwanza. Maswali ya visiwani yatakuwa kwenye ukurasa wake. Fomu za Kikerewe na Kisukuma zinasomwa na watu wawili wawili kabla ya kuchapwa. Majaribio yanaanza Sengerema, giza la Oktoba, na mbalamwezi inayofuata tutarudi kambi zile zile.

Gharama ya hatua hii: uchapaji na kikao cha kukabidhi, shilingi 340,000. Mfuko wa watoto umeongezewa 500,000.